Kielelezo cha ubongo wa mbwa: shina ni zuri, sumaku ni dhaifu

Kielelezo hiki cha plastiki nilikinunua kwa shilingi 85,000 katika duka moja la vifaa vya kufundishia karibu na Soko la Majengo, Dodoma, kwa ajili ya wanafunzi wangu wa afya ya mifugo. Shina la ubongo, yaani sehemu inayounganisha ubongo na uti wa mgongo, ambalo vielelezo vingi hulifanya kijiti tu, hapa huchomolewa peke yake, hivyo niliweza kuwaonyesha kwa kidole sehemu ya ubongo wa kati ambayo watafiti wa Kisovieti waliichochea kwa umeme mwaka 1966: umeme ulipokuwa hafifu paka alitembea, ulipoongezwa akaenda mbio za pole, kisha akatimka, ingawa ubongo wake wa mbele ulikuwa umetenganishwa.

Serebelamu, sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu miendo, hata hivyo, hushikwa na sumaku dhaifu na hudondoka kila kielelezo kinapoinuliwa. Kibaya zaidi, njia ya vestibula, yaani nyuzi za neva zinazoshuka kutoka shina la ubongo hadi uti wa mgongo, inayokaza misuli ya kunyoosha miguu ili mnyama asianguke, imepakwa rangi ileile ya njia za retikula, ambazo ni nyuzi nyingine zinazopeleka amri ya kutembea. Nilipomrudia muuzaji alinijibu, “Mwalimu, ndivyo kilivyokuja,” akanipa gundi.