Nati, heksa na Tricam: kipi kinakaa kwenye miamba ya Tabora

Niseme mapema: ukiwa Tabora na pesa yako inatosha seti moja tu ya vifaa vya kupandia miamba, vile vya kuchomeka ufani ili kamba ikushike ukianguka, chukua nati (kabari za chuma) za ofseti, kisha ongeza Tricam mbili ndogo, vifaa vyenye ncha vinavyojikaza vikivutwa. Heksa, zile za pande sita, zitafuata. Nati za kawaida, ambazo wanaoanza huambiwa wazinunue kwanza, kwangu mimi zinashika mkia.

Sababu ni jiwe lenyewe. Miamba yetu ni graniti kongwe yenye chembe kubwa, imepigwa jua na mvua mpaka kingo zikaviringika. Nyufa nyingi zimebana ndani na kutanuka mdomoni. Sasa nati ya kawaida, mfano Stopper za kampuni ya Black Diamond au Wallnut za kampuni ya DMM, ni kabari ya alumini yenye kitanzi cha waya. Unaiingiza pale ufa ulipo mpana, unaishusha hadi unapobana, unaivuta kwa nguvu ikae. Haina springi wala kinachozunguka, kwa hiyo vumbi la kiangazi haliisumbui. Ufa ukibana kuelekea chini bila kutanuka mdomoni, inatulia vizuri sana. Mdomo ukitanuka, inashikwa na ukingo wa nyuma tu; kamba ikicheza, hiyo inakuja. Wallnut ina mabonde ubavuni ambayo vinundu vya jiwe huingia, ndiyo maana naiona afadhali kuliko Stopper. Namba zake kubwa zimeandikwa 12 kN (kilonyutoni), nguvu inayokaribia uzito wa kilo 1,200, lakini hiyo ni nguvu ya chuma na waya. Mkao mbaya hausaidiwi na maandishi.

Ofseti imechongwa kwa ajili ya ugonjwa huu hasa: upande mmoja ni mnene, wa pili mwembamba. Upande mwembamba unaingia ndani, mnene unabaki mdomoni, na pande zote zinagusa jiwe. DMM wanazo za alumini, namba 7 hadi 11, tano tu, na hizo tano zimenitosha kwa nyufa za upana wa kidole. Ubaya wake ni ugumu wa kung'oka. Mwenzangu anayepanda nyuma yangu huzigonga kwa ndoano yake huku akinitaja kwa majina nisiyoweza kuandika hapa.

Heksa ni hadithi nyingine. Kabla ya yote, wapandaji wa Uingereza waliokuwa wakienda kwenye mwamba wa Clogwyn Du'r Arddu kule Wales waliokota nati za mashine kando ya reli, wakapitisha kamba tunduni na kuzichomeka ufani. (Wangepita Tabora, njia panda ya reli ya Kigoma na Mwanza, wangejaza mifuko. Ila wewe usijaribu, siku hizi viko vya kununua.) Miaka ya 1970 wapandaji wa Marekani Yvon Chouinard na Tom Frost wakaleta heksa iitwayo Hexentric, pande sita zisizolingana, ndani wazi. Ukiigeuza unapata upana mwingine, na ikivutwa inajizungusha kidogo na kukandamiza kuta. Kwa nyufa za kuingia ngumi ni nyepesi na nafuu kwa bei kuliko zana za springi za ukubwa huo. Lakini zikining'inia kiunoni hulia kama njuga, na nyufa zetu zina nyuki. Mzee mmoja mrina asali alitusikia kabla hatujamwona. Tulipomwamkia akajibu, "Marahaba wajukuu. Hizo kengele zivueni, wenyewe wamelala humo." Tangu hapo heksa nazifunga kwa mpira mpaka nizihitaji.

Tricam, ambazo sasa zinatengenezwa na kampuni ya CAMP, ndizo ninazozipenda na kuzilaani kwa pamoja. Upande mmoja una ncha, upande wa pili reli mbili zilizopinda, na mkanda unapita katikati yake. Ncha unaiweka kwenye kishimo au kinundu, unavuta mkanda, kifaa kinajipindua na kukaza. Kwa hiyo kinakaa hata kwenye ufa wenye kuta sambamba na kwenye vitundu vilivyoliwa na mvua, ambako nati yoyote haina kazi. Kile cha waridi, namba 0.5, ndicho kinachotoka kiunoni kwangu kwanza. Kwa mkono mmoja, miguu ikitetemeka, kukipanga kunataka subira, na kikishabeba uzito wa mtu, kukitoa ni shughuli.

Madukani hapa mjini sijaviona; vyangu vimekuja na watu waliosafiri, vingine vilishatumika. Nati iliyotumika naipokea nikishapitisha kitambaa kwenye waya: uzi uliokatika utanasa. Tricam yenye mkanda uliopauka kwa jua nairudisha, hata kama chuma chake kinang'aa.