Chipu ya Kumbukumbu kwa Data Ghafi: Ipi Inunuliwe Kwanza

Anayeunda kifaa cha kurekodi vipimo, tuseme joto la tangi la kupozea maziwa huko Mbarara, hukumbana mapema na uhaba wa kumbukumbu, kwa kuwa bodi ya Arduino Uno R3, kompyuta ndogo ya kuendeshea vifaa, ina baiti 2,048 tu za RAM (kumbukumbu ya muda). Safu ya baiti iliyotengwa humo hutosha vipimo vya muda mfupi, na umeme ukikatika vyote hupotea. Ni lazima basi kununua mahali pa kuihamishia data. Hapa napanga machaguo matano nikichukulia rekodi ya baiti 16 kwa kila dakika, yaani baiti 23,040 kwa siku.

Nafasi ya kwanza naipa chipu ya fleshi (kumbukumbu isiyosahau umeme ukizimika) ya W25Q64. Megabaiti zake 8 hubeba rekodi 524,288, ambazo ni vipimo vya siku 364. Chipu hii huandikwa kwa kurasa za baiti 256, na sehemu iliyokwisha kuandikwa haipokei data mpya mpaka sekta nzima ya baiti 4,096 ifutwe. Sharti hilo ndilo linaloamua umbo la programu: tenga katika RAM safu ya baiti 256 ya aina ya uint8_t (namba ya baiti moja), ijaze rekodi 16, kisha uiandike yote kwa mkupuo. Usimwage muundo wa struct (kifurushi cha vigeu) jinsi ulivyo, kwani ukihamia bodi nyingine, kompaila (programu inayotafsiri msimbo wako) inaweza kuchomeka baiti za kujazia ambazo hukuziomba. Kila sekta huvumilia kufutwa mara 100,000 hivi, na kwa mwendo huu itafutwa takriban mara moja kwa mwaka, kwa hiyo uchakavu usikukoseshe usingizi. Cha kuogopa ni volti: chipu hii inataka 2.7 hadi 3.6, na kuiunganisha moja kwa moja na pini za volti 5 za Uno ni kuialika iungue.

Ya pili ni FRAM, kumbukumbu yenye kasi isiyosahau umeme ukizimika, hasa MB85RC256V, ambayo huziba pengo linaloachwa na fleshi. Umeme ukizimika kabla ukurasa haujajaa, rekodi hadi 15 zilizokuwa RAM zinakwenda. FRAM huandika bila kusubiri na huvumilia maandishi trilioni moja, ingawa bei yake kwa kila baiti ni kubwa na kilobaiti zake 32 zingejaa kwa saa 34. Kwa hiyo usiinunue iwe ghala. Inunue ishikilie ukurasa unaojazwa pamoja na namba inayoonyesha mahali pa kuandika tena. Namba hiyo hubadilika mara 525,600 kwa mwaka, na ukiiweka katika anwani moja ya EEPROM (kumbukumbu ndogo ya kudumu) iliyomo ndani ya Uno, inayohakikishiwa maandishi 100,000, kikomo kinafikiwa kwa siku 69. Palipo na umeme wa kukatikakatika ningenunua zote mbili bila kusita. Penye betri ya kuaminika, W25Q64 peke yake inatosha.

Kadi ya microSD ni ya tatu. Inapatikana kirahisi, hata kwa wauza simu wa Mutaasa Kafeero jijini Kampala, na husomwa na kompyuta yoyote. Hata hivyo, huhitaji bafa (nafasi ya kushikilia data kwa muda) ya baiti 512, ambayo ni robo ya RAM ya Uno, na umeme ukikatika wakati jedwali la FAT, linaloonyesha faili zilipo kwenye kadi, linaandikwa, faili nzima inaweza kuharibika. Kadi bandia nazo zimejaa sokoni, kwa hiyo ijaze yote na uisome tena kwa programu ya F3 au H2testw kabla ya kuitegemea. Ikiwa karani wa ushirika ndiye atakayeichomoa kadi na kuifungua katika Excel, hapo sina ubishi.

EEPROM ya AT24C256 ni rahisi kwa bei, lakini husubiri hadi milisekunde 5 kwa kila ukurasa wa baiti 64. Inafaa kutunza mipangilio tu. SRAM (aina ya RAM) ya 23LC1024 inabaki mkiani: ina kasi na kilobaiti 128, ila husahau kila kitu umeme ukizimika, hivyo inawafaa wanaopima sauti au mitetemo kwa kasi kubwa.

Ukishainunua W25Q64, ipelekee amri ya 9F, inayoiuliza utambulisho wake, kabla ya kuichomelea kwenye bodi. Ya kweli kwa kawaida hujibu EF 40 17. Jibu likiwa FF tupu, kagua nyaya kwanza. Likiwa namba isiyo kwenye hati ya mtengenezaji, irudishe dukani ungali na risiti.