Kifaa cha mipira mitatu: wiki kumi nacho baada ya kupasuliwa kifua

Siku ya pili baada ya upasuaji, nesi alinipa kidude cha plastiki chenye vyumba vitatu vilivyosimama, kila kimoja na mpira wake mdogo ndani, na bomba la kutia mdomoni. Nikakipuliza kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo. Hakuna mpira uliocheza. Nikapuliza tena, kifua kikawaka moto, nikamwambia kimeharibika. "Mama, hiyo si filimbi," akaniambia. "Vuta, usipulize." Nikavuta. Mpira wa kwanza ukatikisika kidogo, ukalala.

Nilirudi nacho nyumbani, na hadi leo ni wiki ya kumi. Mngeniuliza siku ile ningesema ni mchezo wa watoto.

Mimi nilibadilishiwa vali ya moyo, yaani kilango cha kupitishia damu. Mfupa wa kidari hupasuliwa kuanzia juu hadi chini, kisha hufungwa kwa waya za chuma, na kuunga kwake huchukua kama wiki 6 hadi 12. Katika muda huo mtu hupumua juu juu, kama aliyejificha asisikike. Hapo ndipo balaa huanzia: vifuko vya hewa vya sehemu ya chini ya mapafu husinyaa, makohozi hutuama, na nimonia hupata pa kuingilia. Kidude hiki hukuonyesha kwa macho yako kama umevuta hewa kweli au umejidanganya. Changu kimeandikwa 600, 900 na 1,200, yaani mililita za hewa kwa sekunde zinazohitajika kuinua kila mpira. Nilielekezwa nivute mara 10 kila saa nikiwa macho, nizuie pumzi sekunde 3 hadi 5, kisha nikohoe.

Kukohoa ndiko kulikonitoa machozi. Kikohozi kimoja, unahisi kidari kinafunguka upya. Dawa yake ni mto. Si mto maalumu. Ni mto mdogo, mgumu kiasi, unaoukumbatia kwa mikono yote miwili na kuukandamiza kifuani kabla hujakohoa, hujapiga chafya, wala hujacheka. Wangu ulizunguka nami nyumba nzima, hadi chooni. Ndani ya gari uliwekwa kati ya kifua na mkanda. Nilinunua pia ule mto mkubwa wa mteremko wa kulalia, wa gharama, nikajuta: kila usiku nilianza juu na alfajiri nikajikuta nimeporomoka hadi miguuni pake. Nikaishia kulala kwenye kiti cha kuegemea.

Sasa maumivu. Kosa langu lilikuwa kujikaza. Nilipofika nyumbani nikaona asubuhi nina nafuu, nikaruka vidonge. Saa sita mchana sikuweza kuinua hata mpira mmoja, na vidonge nilivyomeza wakati huo vilichukua muda mrefu kunirudisha nilipokuwa. Binti yangu akachukua daftari, akachora mistari, akaandika saa. Parasetamoli vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, iwe inauma au haiumi, na visizidi 8 kwa siku nzima. Alisoma hata pakiti ya dawa ya mafua, kwani nyingi zina parasetamoli ndani na unaweza kuzidisha bila kujua. Kisha nikagundua siri ya kidude: usikiguse kabla ya kumeza. Nilikuwa nameza, nasubiri kama dakika 40, ndipo navuta. Mpira wa pili ulipanda siku hiyohiyo. Tangu hapo vidonge sikuviona tena kama vya kunistarehesha. Nilivimeza ili niweze kupumua.

Jirani mmoja alinishauri ibuprofeni, eti ndiyo kiboko ya mifupa. Natumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa ajili ya vali, na mbili hizo zikikutana hatari ya kuvuja damu hupanda. Nikamshukuru, nikaiweka kando.

Lalamiko langu kubwa haliko kwenye kidude, liko kwa walioniruhusu kutoka wodini. Walinipa tramadoli, dawa kali ya maumivu, ya usiku bila neno lolote kuhusu choo. Siku ya nne bado sijapata choo, na kujikamua ukiwa na kidari kilichofungwa waya ni adhabu nisiyomtakia mtu. Kumbe dawa za jamii hiyo hufunga tumbo, na ya kulainisha choo ilipaswa kuanza nazo siku moja. Ukiandikiwa, uliza papo hapo.

Kwa wanawake wenzangu, jambo ambalo huwa halisemwi: uzito wa matiti huvuta mshono. Nilivumilia wiki nzima nikidhani ni adabu ya kidonda, kumbe sidiria laini, pana, inayofungwa mbele, isiyo na waya, ilipunguza zaidi ya nusu ya kero. Ivaeni hata usiku.

Kasoro za kidude zipo. Bomba huchomoka kirahisi. Hakihesabu, kwa hiyo unahesabu mwenyewe na kusahau. Kubwa zaidi, kinadanganyika: ukivuta kwa pupa mipira yote mitatu huruka hadi juu, unajipongeza, na mapafu hayajajaa. Mtaalamu wa viungo alinirekebisha nivute taratibu, miwili ya mwanzo ikae juu na wa tatu ubaki chini. Kipo cha aina nyingine, chenye pistoni inayopima ujazo wa hewa, na ningechagua hicho kama ningepewa nafasi. Mdomo wa kidude changu huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, na hautumiwi na watu wawili. Mjukuu wangu bado hajanisamehe kwa hilo.

Kliniki walinisisitizia nirudi mara moja nikipata homa ya 38 au zaidi, usaha kwenye mshono, pumzi kunibana, mguu mmoja kuvimba, au mfupa kugonga ndani ninapogeuka. Kugonga nilikusikia mara moja, wiki ya tatu, baada ya kujisukuma kitandani kwa mikono nilipokatazwa. Nilienda. Waya zilikuwa salama, nikarudishwa na karipio.

Nyota 4. Jana nimepiga chafya bila mto mkononi, na nimekumbuka kwa nini ulikuwa hauniachi.