Kitalu cha Kiamunyi: yaliyo ndani ni ya kuangalia, ya kununua yako nje

Kama unakaa Nakuru na unatafuta maua au miche ya matunda ya kupanda nyumbani, kuna kitalu upande wa Kiamunyi, ukielekea Kabarak, ambacho nakipendekeza, ila nina maneno machache. Hakina kibao. Utakitambua kwa grinihausi ambayo nailoni yake imeanza kugeuka njano, na miche ya parachichi iliyopangwa hadi karibu na lami.

Ukiingia tu, macho yatakimbilia ndani ya grinihausi. Geraniumu zimechanua, petunia zinaning'inia, kila jani linang'aa. Pita. Mimea hiyo haijawahi kupigwa na upepo wala jua la saa saba, na mji wetu uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari: mchana jua linachoma, usiku baridi inauma. Ukiitoa humo na kuipanda uani siku hiyo hiyo, majani yatababuka. Zunguka nyuma, kwenye banda la wavu mweusi, halafu uende mbele zaidi, penye miche iliyokaa wazi kabisa. Ni mifupi, ina majani magumu na maua ya kuhesabu, na bei ni ile ile. Dada anayehudumia hakunificha. "Hiyo ya ndani ni ya kuangalia, mama. Chukua hii, imeshazoea taabu." Muuzaji anayesema hivyo nitarudi kwake. Ikiwa lazima uchukue ya ndani, iweke kwanza barazani au chini ya mti wiki moja hivi, ukiisogeza juani kidogo kidogo.

Lingine nililolipenda ni kwamba wanakuacha ukague. Niliomba kuona mizizi ya waridi. Dada akashika shina kati ya vidole, akalipindua kopo, akaligonga kitako kwa kiganja, na udongo ukatoka mzima kama keki. Mizizi ilikuwa myeupe nchani, imefika ukingoni lakini haijaanza kujizungusha. Mche wa pili ulikuwa umesokotana chini hadi udongo hauonekani. Huo aliurudisha mwenyewe bila kuambiwa. Halafu nenda na karatasi nyeupe. Tikisa tawi juu yake, na ukiona vidoa vidogo vinatembea, huo ni utitiri, usiupeleke nyumbani kwako. Chini ya majani tafuta inzi weupe. Wakati wa kiangazi cha Januari na Februari, utitiri ndio hasa wa kuchunguza, maana hupenda joto na ukavu.

Parachichi zao za Hass ni za kupandikizwa, yaani kikonyo cha Hass kimeunganishwa kwenye shina la mche mwingine, na kovu la kiungo linaonekana wazi. Unapopanda, kovu hilo libaki juu ya udongo, na chipukizi lolote linalotokea chini yake likatwe, kwa sababu hilo ni la ule mche wa chini, si la Hass. Kwa miche ya matunda, uliza kama kitalu kimekaguliwa na KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea. Hapa walinionyesha cheti kabla sijamaliza swali.

Sasa maji. Kwa hili dada yule anastahili sifa, kwa sababu sikuwahi kusikia mwuza maua mwingine wa hapa mjini akilizungumzia. Kila mtu Nakuru anajua floraidi, madini yaliyo kwenye maji yetu, kwa sababu ya meno ya rangi ya chai. Hutoka kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa, na visima vingi huku vinapita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kumbe, alivyonieleza dada, mimea mingine nayo inaumwa na maji hayo. Drasena, na ule mmea wa majani marefu yenye mstari mweupe unaoning'iniza vitoto, hukauka ncha na kuwa kahawia hata ukimwagilia vizuri, na watu huongeza maji wakidhani ni kiu. Kuchemsha hakusaidii; maji yanapungua, floraidi inabaki. Hiyo miwili mimi naimwagilia maji ya mvua ya tangi. Ncha zilizokauka hazikupona, ila majani mapya yanatoka safi. Waridi na bugenvilia sikuziona zikilalamika, hizo zinapata ya kisima.

Kuhusu udongo, wa kwangu ni ule mwepesi wa majivu ya volkano, maji yanapita upesi. Ninachanganya samadi iliyooza vizuri, ninafunika shina kwa nyasi kavu, na ninamwagilia kwa wingi mara chache badala ya kunyunyiza kila jioni.

Lawama ninazo. Vibandiko vyao haviaminiki: bugenvilia niliyouziwa kama nyeupe ilichanua rangi ya waridi iliyokolea. Nilipiga simu, nikaambiwa nirudi nichague nyingine, sawa, lakini mmea umeshashika mizizi ukutani, nani ataung'oa? Nunua bugenvilia ikiwa na ua. Samadi yao ya gunia pia niliiacha, ilikuwa bado na joto ukiingiza mkono, maana yake haijaoza na itaunguza mizizi. Na usikubali wakutumie miche kwa boda bila kreti. Yangu ilifika na vilele vimevunjika.

Geraniumu nililipa shilingi 150 na parachichi 250, kwa M-Pesa. Bei haishuki hata ubembeleze, ila ukinunua mingi wanakuongezea mche mmoja wa rozimeri. Chagua ule wa nje.