Masomo ya tromboni Chang'ombe, Dodoma: mwalimu nyota tano, chumba nyota mbili

Hapa Dom ukitaka mwalimu wa gitaa au kinanda utachagua mpaka uchoke, makanisani wamejaa, ila wa tromboni ni kazi kumpata, wengi wanaojua kupuliza wako kwenye matarumbeta ya harusi na hao ukiwafata wanakwambia we njoo tu utazoea hukohuko. Sasa huyu mzee wa Chang'ombe (jina siweki, mambo ya mtandao hayapendi) ni habari nyingine kabisa. Kapiga bendi ya jeshi mpaka kastaafu, katikati hapo kapiga dansi Dar, saivi ana bendi yake ndogo inapiga jazi hotelini wikiendi na siku za kawaida jioni anafundisha. Nilimpeleka mwanangu wa darasa la tano na mimi mwenyewe nikaishia kujiandikisha.

Ujue kabisa tromboni yenyewe hamtaigusa haraka. Mnaanza na kupumua, halafu kile kikombe cha kuwekea mdomo peke yake, mnavumisha midomo kama nyuki, mtoto ananuna, mzazi unaanza kuwaza hela yako inaenda wapi, na mzee wala hana presha, anawawekea Tommy Dorsey, mpiga tromboni wa Marekani wa zamani, kwenye kispika chake anasema haya nioneshe anapovuta pumzi, mnasikiliza weee hamuoni kitu. Ndo anawaambia Frank Sinatra alivyokuwa anaimba kwenye bendi ya huyo jamaa, kuanzia 1940, alikuwa anamkodolea mgongo jukwaani ajue anapumua saa ngapi. Tangu siku hiyo dogo hanuni tena, kazi yake kunichungulia mimi mgongo nikiwa naongea na simu.

Slaidi, lile bomba la kuvuta nje na ndani, ina nafasi saba, kila ukisogeza nafasi moja nje sauti inashuka nusu toni, na hakuna alama yoyote pale ya kukuonesha umefika, ni sikio lako tu. Mkono wa mwanangu ya saba haufiki. Mzee hakumwambia asubiri akue, alikaa pale na penseli akamwandikia vipande visivyohitaji nafasi ya saba, akamwambia "mkono utakuja wenyewe, tushughulike na sikio."

Ila utamu wenyewe ni Jumamosi anapowaweka wote pamoja, wa tarumbeta, wa saksafoni, kijana mmoja wa UDOM wa besi. Hapo unaona huyu mtu kaongoza bendi miaka. Mtu akijaza noti wakati mwenzie anapiga solo, mzee anakata muziki anamuuliza kwa upole "nani kakuita?" Basi. Mimi nimeulizwa hilo swali mbele ya watoto jamani, acheni tu.

Na ana stori. Anampenda sana Jonas Gwangwa wa Afrika Kusini, yule aliyepiga tromboni kwenye bendi ya Jazz Epistles pamoja na Hugh Masekela na Abdullah Ibrahim, baadae akiwa uhamishoni akaongoza Amandla, kundi la sanaa la chama cha ANC. Sikujua kwamba Gwangwa na Masekela walianzia kwenye bendi ya shule ya padri Trevor Huddleston, na kwamba huyo Huddleston ndo yuleyule aliyekuja kuwa askofu wa Masasi hapa kwetu mwaka 1960. Gwangwa kafariki tarehe 23 Januari 2021, tarehe ileile aliyofariki Masekela 2018. Mzee akifika hapo huwa anazima kispika anasema haya, skeli, yaani turudi kupanda na kushuka noti.

Sasa matatizo. Chumba ni bati tupu, feni hakuna, Oktoba mnaiva humo ndani, na upepo wa Dom ukianza vumbi linaingia kwenye slaidi linakwaruza, kwahiyo nenda na kitambaa na kichupa cha kupulizia maji. Vyombo vyake havitoshi, watoto wanapokezana, nunua kikombe chako mwenyewe cha mdomo kwa ajili ya usafi. Msimu wa harusi anaahirisha na taarifa unaipata umeshapanda bajaji. Cheti hatoi, kama unataka mtoto akafanye mitihani tafuta kwingine. Ukichelewa sawa, ila ukiingia bila shikamoo utarudi mlangoni uanze upya.

Msinunue tromboni kabla hajaiona. Mzazi mwenzetu kaleta moja kaagiza mtandaoni, inang'aa hatari, mzee kaisimamisha wima akaachia slaidi ishuke yenyewe, ikakwama katikati. Imepinda, na muuzaji hapokei simu mpaka leo.

Bei ni elfu kumi na tano kwa kipindi cha saa moja, ambacho akinogewa kinafika saa moja na nusu na haongezi hela. Watu wazima tupo wachache, jioni ya Jumatano kuna nafasi.