Siku mbili za ekolojia katika mikoko ya Gazi: tathmini ya kozi fupi

Mwezi uliopita nilihudhuria kozi fupi ya siku mbili iliyotangazwa kuwa utangulizi wa ekolojia, iliyoandaliwa na taasisi moja ya mafunzo kwa ajili ya walimu, waongoza watalii na vijana wanaotafakari masomo ya chuo kikuu. Ada ilikuwa shilingi 4,500 kwa mtu mmoja pamoja na chakula cha mchana, na mafunzo yalifanyika Gazi, katika Kaunti ya Kwale, kusini mwa Mombasa. Nilikwenda na mpwa wangu, ambaye anasita kati ya shahada ya ekolojia na ile ya sayansi ya mazingira, na ambaye, kama mimi mwenyewe, alidhani kuwa ni somo moja lililopewa majina mawili.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa ya darasani, na kwa sehemu hiyo sina sifa nyingi za kutoa. Mkufunzi alianza vizuri kwa kueleza kuwa neno lenyewe liliundwa mwaka 1866 na Mjerumani Ernst Haeckel kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyumba, na kwamba dhana ya mfumo ikolojia ilipewa jina na Mwingereza Arthur Tansley mwaka 1935. Baada ya hapo mambo yalichanganyika. Kijitabu tulichogawiwa kimeandika katika ukurasa wa kwanza «ekolojia, yaani sayansi ya mazingira», kisha kurasa chache mbele kinaorodhesha ukusanyaji wa chupa za plastiki miongoni mwa kanuni za ekolojia. Mpwa wangu alipouliza tofauti ni ipi hasa, alijibiwa kuwa masomo hayo yanakaribiana sana. Mtu hatoi nauli na ada ili aambiwe hivyo.

Kosa kubwa zaidi lilitokea alasiri. Ratiba ilitutaka tuingie mikokoni saa kumi jioni, ilhali ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu, wakati wa maji ya bamvua, yaani yanayopanda na kupwa kupita kawaida, na tulipofika mizizi yote ilikuwa imezama na maji yalikuwa bado yanapanda. Mama mmoja wa kikundi cha wanawake wanaoendesha daraja la mbao la kutembelea mikoko alitutazama tulivyosimama na daftari zetu, akamwambia mkufunzi kwa upole, «Mwalimu, saa hizi hamtaona kitu. Njooni kesho saa nne, maji yatakuwa yamekupwa.» Kozi inayohusu uhusiano wa viumbe na mahali wanapoishi ilikuwa imepangwa bila kutazama mwezi.

Kesho yake saa nne tuliingia, na hapo ndipo nilipoona thamani ya fedha yangu. Alituongoza mkufunzi wa pili, mtu asiye na maneno mengi, ambaye jambo la kwanza alilotuagiza ni kulamba majani. Jani la mchu, mojawapo ya aina za miti ya msitu huo wa mikoko, lilikuwa na chumvi juu yake, chembe nyeupe zinazoonekana kwa macho. Jani la mkoko wenyewe, aina ambayo jina lake hutumika pia kwa msitu mzima, halikuwa na chumvi hata kidogo. Mchu huruhusu chumvi ipande kisha huitoa kupitia majani, na mkoko huizuia sehemu kubwa mizizini. Kisha alituonyesha jinsi miti inavyojipanga: mlilana mbele kabisa kuelekea bahari, mkoko nyuma yake, mkandaa ukifuata, na mchu karibu na nchi kavu, ingawa mchu huohuo huonekana tena upande wa bahari, jambo lililozua mjadala uliotuchukua karibu nusu saa tukiwa tumezama matopeni hadi magotini.

Tulipewa viunzi vya mbao vya mraba, kila upande mita 1, tukahesabu matundu ya kaa na miche iliyomo. Katika mraba wa kwanza wa kikundi chetu matundu yalikuwa mengi na miche michache. Wa pili ulikuwa kinyume chake. Sote tulikimbilia kusema kuwa kaa wanakula mbegu, na ni kweli kwamba wanazila, lakini mkufunzi alikataa kuandika jibu hilo. Huenda ni kivuli, alisema, au chumvi ya udongo, au kimo cha maji. Ili kujua, ingebidi kuwazuia kaa kwa wavu katika baadhi ya miraba, kuiacha mingine wazi, na kurudi baada ya miezi. Swali la namna hiyo, la nani anamla nani, nani anaota wapi na kwa sababu gani, ndilo swali la ekolojia, ambayo ni tawi la biolojia.

Upande wa pili, yaani sayansi ya mazingira, aliueleza kwa mfano wa hori ya Mwache, Mombasa, ambako mikoko mingi ilikufa baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998 kuleta matope yaliyofunika mizizi yake ya kupumulia. Mwanaekolojia atauliza ni aina gani ya mti iliyostahimili na viumbe gani walirudi kwanza. Mtaalamu wa sayansi ya mazingira atauliza matope yalitoka mashamba gani, yalikuwa kiasi gani, ni sheria ipi inayohusika na urejeshaji utagharimu nini, na kwa hiyo atahitaji kemia, jiolojia, uchumi na sheria, pamoja na ekolojia yenyewe kama somo mojawapo kati ya mengi. Gazi kwenyewe kuna mfano wa yote mawili: miti iliyokatwa miaka ya 1970 kwa kuni za viwanda ilianza kupandwa upya kwa majaribio mwaka 1991, na leo mradi wa Mikoko Pamoja unauza hewakaa, yaani hulipwa kwa kaboni ambayo miti na tope lake vimeihifadhi, katika hekta 117, fedha zikisaidia maji na shule. Kupima kaboni iliyo ndani ya mti na tope lake kunahitaji ekolojia. Kuandika mkataba wa kuiuza ni kazi nyingine kabisa.

Chakula kilikuwa kizuri, samaki na wali wa nazi, na viatu vya matopeni havikutosha kwa wote. Darasa ninalipa nyota mbili, asubuhi ya matope nyota tano. Anayetaka kujiandikisha aulize kwanza tarehe za mwezi, na aombe awekwe katika kundi la mkufunzi wa pili.

Vyeti vyetu viligawiwa vikiwa vimeandikwa «Utangulizi wa Sayansi ya Mazingira». Tulilalamika, tukaahidiwa vingine kwa barua pepe ndani ya wiki moja. Changu kilifika siku ya kumi na mbili, jina la kozi likiwa sahihi na jina langu likiwa limekosewa.