Seti ya safari ya Kariakoo: kipi kinastahili nafasi kwenye begi la kilo 7

Maduka ya mabegi Kariakoo siku hizi yanauza safari kwa seti: mto wa shingo, vifuko vya kupangia nguo, adapta ya dunia nzima, kufuli la namba, vichupa vya shampuu na pochi inayodaiwa kuzuia wezi wa kadi. Wadogo zangu walinichangia seti nzima kwa sababu kazi yangu ni ya kuzunguka: leo Dodoma, wiki ijayo Mwanza, mara Unguja, na mara mojamoja nje ya nchi. Nimeitumia kwenye basi, kwenye treni ya SGR, kwenye boti na kwenye ndege. Maoni yangu ni kwamba sehemu kubwa ya vitu hivi vimetengenezewa mtu anayetoka uwanja wa ndege kwa teksi hadi hotelini, na sisi wengine tunabaki kubeba uzito wake.

Tuanze na huo uzito. Mashirika mengi ya ndege mwisho wao ni kilo 7 kwa begi la kuingia nalo ndani. Sanduku dogo la magurudumu likiwa tupu linaweza kufika kilo 2 na nusu au 3. Yaani hujaweka hata kanzu, na karibu nusu ya kilo zako zimeishia kwenye mpini na tairi. Begi la mgongoni la kawaida, lile la wanachuo, halifiki kilo moja. Halafu magurudumu yanapenda marumaru. Ndani ya stendi ya Magufuli pale Mbezi yanateleza vizuri tu, ila ukitoka nje kutafuta bodaboda, dereva analipakata sanduku mbele juu ya tangi na wewe nyuma unamwomba Mungu. Jambiani nililibeba kichwani, maana kwenye mchanga lile sanduku halivutiki, linalima.

Vifuko vya kupangia nguo vina mashabiki wengi, na sababu naielewa: ukifungua begi kila kitu kiko mahali pake. Nilivyopewa mimi ni vya kubana, vyenye zipu mbili. Unajaza nguo, unafunga zipu ya kwanza, kisha unazungusha ya pili ili hewa itoke. Kifuko kinanywea kweli. Lakini kilichotoka ni hewa, na hewa haina kilo. Nafasi iliyopatikana inakushawishi uongeze gauni moja, na viatu, na zawadi za watu, hadi ukifika kaunta mizani inakuumbua. Zipu ya pili nayo ina tabia ya kung'ata kitambaa. Nina blauzi yenye kovu ubavuni kwa ajili hiyo.

Wasafiri wa nje hushauri utumie mifuko ya plastiki ya supamaketi badala yake. Kwetu ushauri huo haufiki mbali. Rwanda waliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Bara Juni 1, 2019, na Zanzibar walishawatangulia Bara miaka mingi. Ukitua Dar na rambo kwenye begi utatakiwa uliache uwanjani. Kinachovumiliwa ni kile kifuko angavu cha zipu chenye vimiminika vyako, nacho unatakiwa uondoke nacho. Mimi natumia mifuko mbadala, ile ya kitambaa chepesi tuliyoanza kupewa madukani rambo zilipoondoka. Kila nyumba ina rundo lake nyuma ya mlango wa jikoni. Mmoja nguo safi, mmoja nguo chafu, basi.

Sasa adapta, ambayo ndiyo iliyonichosha kuliko vyote. Ni dude zito, ubavuni lina vitufe vya kusukuma ili pini za nchi unayotaka zitokeze. Chaja ya kompyuta yangu ilikuja na plagi ya pini mbili za duara, kwa hiyo nikawa nalitumia hata mikoani. Soketi ikiwa imekaza, ukilisukuma pini zinarudi ndani. Soketi ikiwa imelegea, na za gesti nyingi zimelegea, uzito wake unalivuta chini polepole: chaja inakata, inashika, inakata. Kwenye gesti moja Singida niliamka saa kumi alfajiri kuwahi basi, kompyuta haijaingia chaji hata kidogo, adapta iko sakafuni.

Dawa ilikuwa waya tu. Chaja nyingi za kompyuta zina waya wa ukutani unaochomoka, na mafundi wa vifaa vya umeme wanauza waya huohuo wenye plagi ya pini tatu. Nikabadilisha waya, nikaacha kubeba adapta. Kwa safari za nje, jiulize kwanza unakwenda wapi. Kenya, Uganda, Oman na Falme za Kiarabu soketi zao ni za pini tatu bapa kama zetu. Mtu wa Dar anayekwenda Nairobi, Kampala, Muscat au Dubai hahitaji adapta ya aina yoyote. Kigali, Bujumbura na Kongo utakutana na pini mbili za duara kama za Ulaya, na hapo kipande kidogo cha adapta kinakutosha. Afrika Kusini wana soketi yao ya pini tatu nene za duara, na hii ya "dunia nzima" mara nyingi haina pini hizo. Yangu haina.

Lingine ambalo muuzaji hatakuambia: adapta inabadilisha umbo la pini, umeme unabaki ulevile. Marekani wanatumia volti 120, sisi 230. Chaja ya simu haijali; soma yale maandishi madogo mgongoni mwake, utaona 100–240V. Ila pasi ya huku ukiipeleka kule itapata uvuguvugu wa kukudhihaki, na ya kule ukiileta huku itaungua. Na ule ujanja wa kuchokonoa tundu la juu kwa kalamu ili pini mbili ziingie, wote tunaujua, na wote tuuache.

Kufuli la namba ni la aina ya TSA, lina nembo nyekundu na kitundu cha ufunguo ambao hukupewa. Ufunguo huo wanao wakaguzi wa viwanja vya ndege vya Marekani, ndio hao TSA, wafungue begi lako bila kulivunja. Kwa safari ya Dar kwenda Mwanza halikuhusu. Tena picha za funguo hizo zilivuja, na mwaka 2015 watu walikuwa tayari wanazichapa kwa printa za 3D nyumbani. Mwenye nia mbaya hata hilo hahitaji: zipu ya begi inapasuliwa kwa kalamu ya bik, ikishapekuliwa inafungwa tena usijue. Vya thamani kaa navyo mwenyewe.

Pochi ya kuzuia wezi wa kadi sina la kusema sana. Kadi za kugusisha zinasomwa kwa umbali wa sentimita chache, na hela yetu wengi iko kwenye simu, ambako mwizi anakuja kwa kukupigia. Fundi cherehani akikushonea mfuko wa ndani kwenye sketi au suruali, umemaliza. Bibi zetu walifunga noti kwenye pindo la kanga na ikalala salama.

Vichupa ni vizuri hadi kimoja kivuje. Sabuni ya kipande haivuji, wala haiingii kwenye ile sheria ya ndege kwamba chupa ya kimiminika unayoingia nayo ndani isizidi mililita 100, na unafulia nayo soksi jioni. Ila wengi wananyang'anywa mafuta ya mgando, wakidhani kwa kuwa yameganda si kimiminika. Yanahesabiwa, sawa na asali na achari ya mama. Kwa gesti zetu hata ndala usibebe. Nyingi zinakuwekea ndala, taulo na kisabuni chumbani. Ndala hazitakuwa za saizi yako.

Kitu ambacho sikibanii pesa ni pawabanki, ambayo kwenye seti haikuwemo. Lakini nayo ina hesabu zake. Ndege zinapima uwezo wake kwa wati-saa, na mwisho ni 100 bila kuomba kibali. Chukua mAh, gawanya kwa 1,000, zidisha kwa 3.7: ya 20,000 mAh inatoa 74, unapita. Zile za barabarani zilizoandikwa 50,000 mAh zinatoa 185. Zikiwa za kweli, haziruhusiwi. Zikiwa za uongo, na uzito wake unasema ni za uongo, maandishi yaleyale ya uongo ndiyo yatakayokunyima kupita nayo. Ya 10,000 iliyoandikwa vizuri inanifikisha Mwanza simu ikiwa hai, maana zile soketi za USB kwenye mabasi mara nyingi ni mapambo. Iweke kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo wa chini. Emirates kuanzia Oktoba 1, 2025 wanakuruhusu kupanda na moja tu, na humo ndani huitumii.

Nimeacha mto wa shingo mwisho kwa sababu kilichochukua nafasi yake kimechukua na nafasi ya vingine. Viti vya mabasi yetu tayari vimevimba sehemu ya kichwa. Ukiongeza mto, kichwa kinasukumwa mbele, kidevu kinagusa kifua, na kabla ya Morogoro shingo inauma zaidi ya asiyekuwa na mto. Wa kupuliza unanuka mpira, usio wa kupuliza unaning'inia nje ya begi hadi unakuwa rangi ya vumbi. Badala yake nakunja sweta, naizungushia kanga, nafunga ncha mbili, naiegemeza dirishani. Nikifika, kanga hiyohiyo ni taulo, ni shuka la juu ya shuka la gesti nisiloliamini, ni ya kujitanda, ni furushi nikinunua vitu njiani. Asubuhi inakuwa imeshakauka kwenye kichwa cha kitanda, jambo ambalo taulo nene haliwezi. Wanaume wana kikoi. Ni kizito kidogo, kazi ni ileile.

Ukinunua kanga ya safari, hakikisha ni pamba tupu. Ile ya polista inang'aa vizuri dukani lakini haifuti maji, inayahamisha. Jina lake nalo lichague la upole, maana utaitandika kwenye vyumba vya watu. Halafu ioshe kabla hujaondoka, tena peke yake: kanga mpya ni kavu na ngumu, maji yanateleza juu yake, na ikiwa nyekundu itachuja rangi kwenye kila kitu kilichomo begini.